Video za ufundi: mikono yaonekana, ulimi haupo

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wameitumia katika insha zao bila ya kuitilia shaka. Hata hivyo, anayefuatilia mambo yanayopendwa mitandaoni siku hizi hana budi kujiuliza: je, ujuzi usiozeeka waweza kupotewa na sauti? Nauliza hivyo kwa kuwa video za kazi za mikono zimekuwa miongoni mwa vitu vinavyotazamwa mno duniani, na nyingi kati ya zile zinazovuma hazina maneno. Mikono yaonekana ikifanya kazi, ulimi haupo.

Hebu kwanza tuiangalie hali ilivyo. Mtandao wa YouTube ulianzishwa mwaka 2005. Hapa kwetu mambo yalibadilika hasa mwaka 2009, nyaya za mawasiliano za TEAMS na SEACOM zilipopitishwa chini ya bahari na kufikishwa Mombasa. Tangu hapo intaneti ikaanza kupungua bei, simu zikaongezeka, na kijana wa Tudor akaweza kumtazama seremala wa Japani akiunganisha mbao pasipo msumari hata mmoja. Baadaye ukaja TikTok. Ripoti ya taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba asilimia 54 ya watumiaji wa intaneti waliohojiwa nchini Kenya walikuwa wakiutumia mtandao huo, kiwango kilichoiweka nchi yetu mbele ya nyingine zote zilizochunguzwa. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya video hizi, tunazungumza juu ya darasa kubwa ambalo halina mwalimu wala ubao, na ambalo watoto wetu huhudhuria kila siku.

Ukizichunguza video zenyewe utaona kwamba zinagawika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni za starehe ya macho: kisu kikikata sabuni, udongo ukizunguka na kugeuka chungu, panga lililoliwa na kutu likisuguliwa hadi likang'aa. Mtazamaji hakusudii kujifunza, anataka kutulia. Fungu la pili ni za mafunzo: namna ya kukanda unga wa mahamri, kupaka hina, kufuma, kushona rinda, kutengeneza kiti. Fungu la tatu ni za hila, nazo huahidi njia za mkato zisizokuwako au zenye hatari. Mwaka 2022 Ann Reardon wa Australia alitoa video ya kuonya juu ya mtindo wa kuchoma nakshi kwenye mbao kwa kutumia transfoma iliyong'olewa katika tanuri la maikrowevu. Kufikia wakati huo zaidi ya watu 30 walikuwa wameuawa na umeme kwa kuujaribu mtindo huo.

Kwa nini basi video zisizo na maneno ndizo zinazovuma? Jibu halina fumbo. Mwaka 2015 John Plant, naye pia wa Australia, alianza kurekodi video zake ziitwazo Primitive Technology, ambamo hujenga nyumba, tanuri na zana kwa udongo, mawe na miti, asitamke neno lolote. Mamilioni ya watu wamezitazama. Huko China, Li Ziqi wa jimbo la Sichuan huonyesha mapishi, ususi na useremala wa shamba huku akizungumza kidogo mno. Mwaka 2021 aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na wafuasi milioni 14.1 katika YouTube, idadi ambayo hakuna chaneli nyingine ya lugha ya Kichina iliyokuwa imeifikia. Video isiyo na lugha haihitaji mkalimani. Mbrazili na Mturuki wataitazama sawasawa, na kwa kuwa kipato hutegemea matangazo, na matangazo hutegemea idadi ya watazamaji, fundi aliyenyamaza ana soko kubwa kuliko fundi anayezungumza. Isitoshe, muda wenyewe ni mfupi. TikTok ilianza kwa video za sekunde 15. Ingawa baadaye muda huo umeongezwa, mazoea ya haraka yamebaki. Katika sekunde 15 waweza kuonyesha mkono uliokwisha kupakwa hina, lakini huwezi kueleza jinsi hina ilivyotwangwa, ikachungwa na kuvundikwa.

Simlaumu Plant wala Li Ziqi. Wao wamechagua njia inayowafaa, na kazi zao zina uzuri. Nami nafurahi kwamba kazi za mikono, zilizodharauliwa kwa muda mrefu kama kimbilio la walioanguka mitihani, zimepata heshima mpya machoni pa vijana. Hoja yangu ni nyingine. Mafundi na vijana wetu wa pwani wanapoiga mtindo huu wa kunyamaza, hasara tunayoipata sisi haitoshani na ya Waingereza au Wachina. Lugha zao zimekwisha kuandika msamiati wa ufundi wao katika vitabu vya kila aina. Wetu, kwa sehemu kubwa, ungali vinywani mwa mafundi. Fundi akinyamaza, au akifa, hakuna kabati la kwenda kuutafuta.

Tuchukue mfano wa kanzu, vazi linaloonekana kila Ijumaa kuanzia Mji wa Kale hadi Makupa. Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu video fupi ya fundi anayeshona kanzu, kisha nikawataka waandike maelezo ya kila hatua kwa Kiswahili sanifu. Waliandika vizuri mpaka fundi alipoanza kuunganisha vipande. Hapo kalamu zikasita. Yakaja "kile kipande", "kitambaa kingine cha pembeni", na hatimaye "hii kitu". Hao ni wanafunzi wa Kiswahili, na wengi wao wazaliwa wa pwani.

Majina yapo, na tena ni mazuri. Kitambaa kikuu kinachofunika mwili, mbele na nyuma, ni badani. Vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana ni taharizi. Kipande kidogo cha chini ya kwapa, kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila ya kuchana nguo, ni kikwapa. Kitambaa kinachotiwa kwa ndani penye pindo ni sijafu. Cha shingoni ni kaba. Na ule ukanda ulio nyuma ya mpasuo wa kifuani ni lisani. Badani na lisani ni maneno yenye asili ya Kiarabu: la kwanza maana yake ni mwili, la pili ni ulimi. Kikwapa ni neno la Kibantu lisilo na shaka. Katika nguo moja, basi, msomi wa lugha anaiona historia ya Bahari ya Hindi ikiwa imeshonwa pamoja. Yote hayo yakibadilishwa na "hii kitu", neno moja limebebeshwa mzigo wa maneno sita, na halina nguvu za kuubeba.

Huenda msomaji akasema kwamba majina ni mapambo tu na kazi ndiyo kazi. La hasha. Jina la kitu katika ufundi ni sehemu ya maarifa yenyewe. Chukua mkeka. Mwenye kutazama video isiyo na maneno ataona mwanamke akisuka, na atasema anasuka mkeka. Hajakosea sana, lakini ameruka hatua. Majani ya mkindu huchanwa yakawa kindu. Kindu husukwa zikawa ukili. Na ukili ndio unaoshonwa, mzunguko kwa mzunguko, hata ukapatikana mkeka. Asiyelijua neno ukili hajui kwamba mkeka hushonwa. Hali kadhalika hina na piko. Hina ni jani. Rangi yake ni ya wekundu wa kahawia na huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Piko nyeusi ya siku hizi aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu. Video inayoonyesha michoro myeusi ikikolea kwa dakika chache, bila ya kuitaja kwa jina lake, imemnyima binti onyo ambalo jina lenyewe lingempa.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wana sababu nyingine ya kulijali jambo hili. Methali zetu nyingi zilizaliwa katika karakana, baharini na shambani. Tunamfundisha mwanafunzi kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, lakini ni wangapi wanajua kwamba mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia? Tunamwambia kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Atakaririje kwa ufahamu ikiwa hajui kwamba joshi ni ncha ya mbele ya chini ya tanga, na kwamba kwenda joshi ni kukipeleka chombo kwa kuuelekea upepo, kazi inayotaka tanga zima na mabaharia wa kutosha? Bandubandu huisha gogo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji: zote hizo ni sauti za mafundi. Tukumbuke pia orodha za msamiati ambazo watoto wetu walizikariri mpaka mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023: sonara ni huyu, mhunzi ni yule, mkwezi, mgema, mfinyanzi. Mtoto alipata alama zote na hajapata kumwona hata mmoja wao akifanya kazi. Sasa mambo yamegeuka kichwa chini. Zamani alilijua jina bila ya kuiona kazi. Leo anaiona kazi bila ya kulijua jina. Hakuna elimu kamili katika hali hizo mbili.

Hatukosi kielelezo cha jinsi ya kuviunganisha. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017 baada ya kuishi Mombasa kwa miaka mingi, alilitambua tatizo hili kabla ya simu za mkononi kuwazwa. Katika utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alieleza uundaji wa chombo cha baharini cha Waamu na kuhifadhi istilahi zake. Katika Umbuji wa Mnazi, mwaka 1985, aliufanyia mnazi vivyo hivyo. Watu wengi mijini hulijua dafu na nazi tu. Mkulima wa pwani hupambanua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na kila jina humwambia wakati wa kuangua na kazi ya kila tunda. Nabhany huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa maneno runinga na ngamizi. Yaani mtu yuleyule aliyehifadhi majina ya vyombo vya kale ndiye aliyevipa vyombo vipya majina. Hakuona mgongano wowote baina ya kazi hizo mbili, na hakika haupo. Anayeijua mizizi ya msamiati ndiye anayeweza kuuchipuza.

Linganisha na jambo lililotokea Lamu mwaka 2018. Mafundi wa huko, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda dau la Flipflopi kwa takriban tani 10 za taka za plastiki, na kulivika vipande vya ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa ufuoni na mitaani. Mwanzoni mwa mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na picha zake zilizagaa duniani kote. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na ujumbe wake juu ya usafi wa bahari ulikuwa wa maana. Lakini simulizi iliyoenea ilikuwa hasa ya Kiingereza, nayo ilihusu plastiki. Ulimwengu uliziona rangi. Haukusikia mkuku, mataruma wala kalafati. Fursa ya kuyasafirisha maneno hayo pamoja na chombo ilipita.

Najua kuna wenzangu watakaonijibu kwamba lugha hubadilika, na kwamba maneno hufa pindi vitu vyake vinapoachwa. Ni kweli. Sidai tulilie kila neno la mtepe ilhali mtepe haupo tena baharini. Ila kanzu inashonwa hadi leo, mkeka unatandikwa hadi leo, milango ya nakshi inachongwa hadi leo, na hina haikosekani katika arusi yoyote ya pwani. Vitu vi hai. Maneno yake ndiyo yanayozikwa. Huko si kubadilika kwa lugha kwa kawaida. Ni uzembe.

Wengine watasema fundi anatafuta wateja, na Kiswahili kitampunguzia soko. Hoja hii ina uzito, maana fundi hali msamiati. Lakini tuangalie leso. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1887, imeuza leso kwa zaidi ya karne nzima. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yake. Mnunuzi huyasoma maneno kabla ya kutoa fedha, na wageni wasiojua Kiswahili huzinunua vilevile, tena huuliza maana. Maneno hayakuipunguzia leso soko. Ndiyo yaliyoitofautisha na vitambaa vingine vyote duniani. Siku hizi, zaidi ya hayo, maandishi ya tafsiri huweza kuwekwa chini ya picha bila ya gharama kubwa. Fundi aweza kusema badani kwa Kiswahili, na Mbrazili akasoma maana kwa Kireno.

Lipo pia suala la haki. Katika mila zetu za uanagenzi, kijana aliyehitimu kazi alimpa fundi wake kilemba, yaani tunzo ya shukrani, na kuanzia hapo jina la fundi likafuatana na kazi ya mwanafunzi wake. Leo mtu hupita dukani kwa fundi, akairekodi mikono yake kwa nusu saa, akaondoka na kupata watazamaji laki moja. Uso wa fundi haukuonekana, jina lake halikutajwa, na senti haikumfikia. Alichopewa ni vidole gumba na mioyo myekundu ya watu asiowajua. Waswahili wana jina la zawadi kama hiyo: kilemba cha ukoka. Video isiyo na maneno ndiyo inayorahisisha dhuluma hii, kwa kuwa mkono usio na sauti hauna mwenyewe. Fundi akizungumza, akajitaja na kuitaja kazi yake kwa lafudhi yake, ni vigumu kumfuta.

Tatizo lina mizizi katika elimu yetu pia. Chuo cha ufundi kilichoko hapa Tudor kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 kikiitwa Mombasa Institute of Muslim Education. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 kikawa politekniki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kimetoa wahandisi na mafundi wengi, nasi wakazi tunajivunia. Lakini hapo, kama katika vyuo vyote vya ufundi nchini, lugha ya kufundishia ni Kiingereza, hali nje ya lango seremala anazungumza juu ya randa, patasi, juba na keekee. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa shuleni mwaka 2019 umeyapa masomo ya ubunifu na ya ufundi wa awali nafasi ya heshima, nayo pia, kuanzia madarasa ya kati, yanafundishwa kwa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi anajifunza kazi kwa lugha moja na kukutana na fundi anayeijua lugha nyingine. Simu ilikuja kuziba pengo hilo, nayo imeliziba kwa kunyamaza.

Tufanye nini basi? Kwanza, walimu wa Kiswahili na wale wa masomo ya ubunifu washirikiane. Mwanafunzi anayepewa mradi wa kutengeneza kikapu aandike pia maelezo yake kwa Kiswahili, ataje kila kifaa na kila hatua, na asikubaliwe kutumia neno "kitu" isipokuwa pale lisipokuwapo jina. Pili, wanafunzi wenye simu wafanye kile wakifanyacho tayari, ila kwa adabu: waombe ruhusa, wamtaje fundi, wamwache azungumze, wamuulize jina la kila kipande, na kama video itawapatia chochote, wamkumbuke kwa kilemba cha kweli. Tatu, idara za Kiswahili vyuoni zizikusanye rekodi hizo na kutoa faharasa zake, kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaiweza vizuri kuliko kunakili tasnifu za zamani. Nne, UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tulishangilia. Tangu hapo siku hiyo imejaa hotuba za kukisifu Kiswahili. Pendekezo langu ni kwamba kila shule, siku hiyo, imwalike fundi mmoja wa mtaani mwake, akae mbele ya wanafunzi na kazi yake, ataje vifaa na sehemu zake, na arekodiwe.

Jambo hili halihitaji bajeti ya serikali wala tume. Simu tunazo, mafundi wangali hai, na wanafunzi wana ari. Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza: hiki kinaitwaje? Swali hilo lina maneno mawili tu baada ya kunyoosha kidole. Tukiwazoeza watoto kuliuliza, watakaporudi kwenye simu zao hawataridhika na mikono iliyo bubu. Lakini tukisubiri muongo mmoja zaidi, tutakuwa na picha safi kabisa za kazi za wazee wetu, na hatutakuwa na mtu wa kutuambia tunatazama nini.